Vifaa vya sola vimefungiwa stoo, mimi naambiwa nijaze maksi za vitendo. Nisaini?

Shikamoo Mama Fundi.

Mi ni mwalimu wa umeme chuo kimoja cha ufundi huku kanda ya ziwa, chuo sikitaji na hata ukikihisi naomba usikitaje maana huku kila mtu anamjua mwenzie. Nakusoma siku nyingi, ile barua ya kijana aliyepiga wayaringi nyumba nzima akalipwa mbuzi niliwasomea mpaka wanafunzi wakacheka, leo zamu yangu na wala sicheki.

Kisa kiko hivi. Miaka miwili nyuma chuo kililetewa vifaa vya sola na wafadhili, paneli 12 za wati 100, betri 8, chaji kontrola (inalinda betri), inveta (inageuza umeme wa betri uwe kama wa soketi), pampu moja ya maji na mabegi mawili ya vifaa vya kupimia. Ikapigwa sherehe, picha, hotuba, keki ikakatwa. Wageni walipoondoka mkuu akafunga stoo ufunguo akatia mfukoni, na tangu siku ile stoo imefunguliwa mara 3 tu na zote ni ukaguzi, tunavitoa tunavipanga mezani, wanafunzi wanavalishwa ovaroli wanashikashika, gari la wageni likitoka getini tunarudisha ndani. Nikiomba naambiwa mwalimu hivi vitu ni vya thamani, watoto wataunguza, kikiungua kimoja nani analipa, wewe? Nanyamaza maana kweli siwezi kulipa.

Basi sola nafundishia ubaoni. Nachora paneli, nachora betri, napiga mishale, wanakopi. Wana madaftari masafi balaa, kuna binti mmoja anapaka mpaka rangi, nyekundu chanya nyeusi hasi, ukiliona hilo daftari utasema huyu kesho anaajiriwa. (Na mi mwenyewe nisikufiche, ualimu wa ufundi nimesomea Morogoro na umeme wa majumbani naujua nje ndani, ila sola nilipelekwa semina ya siku 5 tu, nyingine najazia YouTube usiku.)

Mwezi uliopita ndo yakanikuta. Alikuja chuoni mama mmoja wa makamo, ana duka la vinywaji kijijini kama kilomita 20 toka hapa, mkononi kashika kipande cha waya kimeyeyuka kama mshumaa. Kijana wetu aliyemaliza mwaka jana alimfungia sola ya friji la soda. Paneli 2 za wati 100, betri moja ya ampea 100, friji limeandikwa wati 120. Betri akaiweka chumba cha nyuma, inveta akaiweka mbele dukani ili wateja waione inavyowaka taa, na katikati akavuta waya wa 2.5, ule wetu wa soketi, mita kama 8, ulipoisha akaunga kwa kusokota akazungushia utepe. Fyuzi hakuna. Toka siku ya kwanza inveta inalia inazima, inalia inazima, kijana akiitwa anasema mama friji lako bovu. Usiku mmoja pale kwenye kiungo pakashika moto, bahati mtoto alikuwa hajalala akasikia harufu. Yameungua magunia mawili ya mchele na pazia, lakini laki tisa alizochukua kwenye kikoba ndo zimekwenda hivyo na marejesho anadaiwa kila Ijumaa.

Huyu mama hakwenda ofisini, aliingia darasani kwangu moja kwa moja, wanafunzi 23 wamekaa, akanyanyua ule waya akauliza nani kamfundisha huyu mtoto. Nikanyoosha mkono Mama Fundi. Sikujua nifanye nini kingine.

Mkuu alikuja akamtoa kwa upole akamwambia mama, mwanafunzi akishamaliza si wetu tena. Mama akamuuliza mbona cheti kina mhuri wenu.

Sasa muhula unaisha, nimepewa fomu za maksi za vitendo. Za sola ni vipengele 6, kupima paneli, kukadiria mzigo, kuunganisha kontrola na betri, kuchagua waya na vingine, kila kimoja mwanafunzi aonekane kafanya mbele yangu nami nisaini. Hakuna hata mmoja aliyefanya hata kimoja. Nimemfuata mkuu kasema "jaza tu mwalimu, weka 60 mpaka 75, wasifanane sana". Nina mkopo, mke wangu ana ujauzito wa miezi saba, mkataba wangu unaisha Desemba. Nikisaini namuona yule mama na waya wake. Nisiposaini sijui. Rafiki yangu ana duka la vifaa vya sola mjini ananiambia acha kazi njoo tupige hela, huko ualimuni unazeeka na chaki. Nisaini? Niache? Na huyu mkuu nimfanyeje mpaka atoe huo ufunguo?

Mwalimu Aliyenyoosha Mkono

*

Marahaba mwalimu. Pole, na mkeo msalimie sana.

Usisaini. Nimeanza na hilo ili usisome barua nzima huku roho iko juu. Saini ni yako, siyo ya mkuu, na siku likiungua duka lenye mtu ndani hakuna atakayekumbuka nani alikuambia weka 60 mpaka 75, itafunguliwa fomu litaonekana jina lako. Mkopo wa benki unalipika hata kwa kuchelewa, hilo lingine ukishaingia hutoki.

Ila kutosaini siyo kugoma, na wala usiende kulitangaza kwenye grupu la WhatsApp la walimu, naomba sana. Chukua karatasi moja, muandikie mkuu kwa heshima, nakala kwa mwalimu wa taaluma, mistari sita tu. Kwamba vipengele hivi 6 bado havijafanyika, kwamba unaweza kuvikamilisha ndani ya wiki 3 kabla fomu hazijapelekwa, na kwamba unaomba SETI MOJA ya vifaa. Soma tena hapo, seti moja. Paneli 1, betri 1, kontrola 1, inveta 1, mita 1 ya kupimia. We umekuwa unaomba stoo, na mtu aliyefungia stoo ukimuomba stoo anasikia unataka kumvua cheo. Seti moja inasainiwa kwenye daftari, inatoka asubuhi inarudi jioni, ikiungua imeungua moja na zimebaki kumi na kitu. Nakala yako weka nyumbani, siyo kwenye droo ya ofisi.

Sasa nije kwenye mabano yako.

Mwalimu mimi nimesomesha mafundi nimelea na watoto, najua mtu anapoficha kitu kwa kukisema harakaharaka. Mkuu, stoo, ufunguo, wageni, vyote umevieleza mpaka keki. Kwamba sola yenyewe huijui vizuri umeitia kwenye mabano ukapita. Nakuuliza swali na sitaki unijibu mimi: kesho asubuhi mkuu akikurushia ule ufunguo, akakuambia haya mwalimu kazi kwako, utafurahi au tumbo litakukata? Maana miaka miwili ni mingi, na mtu mwenye hamu kweli ya kufundisha paneli angeshanunua hata ya wati 20 ya kuchajia simu akaiweka nje ya darasa. Sikusemi vibaya, mimi kontrola yangu ya kwanza niliiunguza mwenyewe, nilitangulia kuunganisha paneli kabla ya betri, kontrola ikakosa mahali pa kusomea volti ikafa mkononi na mwenye nyumba ananiangalia. Nikamlipa kwa awamu. Ndo maana mpaka leo naimba betri kwanza paneli baadaye, na kwenye kufungua paneli kwanza betri baadaye, hata usingizini.

Kwa hiyo kabla ya wanafunzi kuna mwanafunzi mmoja wa 24 naye ni wewe, na usione haya wakujue. Waambie wazi jamani hiki nami najifunza, tutapima pamoja. Vijana hawamdharau mwalimu anayejifunza, wanamdharau anayejifanya anajua halafu mtambo unalia.

Tuanze na hilo duka, maana nimekaa na namba zako jioni nzima nikaona kijana wenu hakukosea kimoja, na vyote ni vya kupimika, hakuna uchawi pale.

Waya wa 2.5 unafaa kabisa kwenye soketi kwa sababu pale una volti 230. Friji la wati 120 kwenye 230 linavuta nusu ampea tu, hata waya haujui kama kuna kazi. Lile lile friji ukilirudisha upande wa betri ya volti 12, ukaongeza na kile kinacholiwa na inveta yenyewe, unakuta ampea 12 hivi. Mita 8 kwenda na mita 8 kurudi ni 16, shaba ya 2.5 kwa urefu huo ina ukinzani wa kama ohm 0.12, zidisha kwa 12 unapoteza karibu volti moja na nusu njiani. Betri inasema 12.3, inveta kule mbele inaona chini ya 11. Na hapo friji linatembea tu, bado halijaanza, likitaka kuanza mota inavuta mara kadhaa ya hapo, ikifika ampea 30 umepoteza volti tatu na nusu, inveta inaona 8 na kitu inazima. Ndo ule mlio mama alikuwa anausikia. Friji zima kabisa, maskini, limesingiziwa.

Kiungo sasa. Ampea nyingi zikipita kwenye waya uliosokotwa na kufungwa utepe panachemka, plastiki inalainika, chanya inakutana na hasi, na betri ya ampea 100 ikikutanishwa hivyo inamwaga zote alizonazo kwa mkupuo. Fyuzi ya shilingi chache karibu na kichwa cha betri ingekata hapo hapo. Vijana wengi wanaiogopa 230 kwa sababu inawatetemesha, 12 wanaichukulia poa kwa sababu unaishika mkono mtupu huoni kitu, hawajui kwamba haikuui kwa kukupiga, inakuchomea nyumba. (Na ukizipanga paneli mfululizo juu ya paa kwa mitambo mikubwa unafika volti mia kadhaa za DC (umeme wa upande mmoja kama wa betri), hizo zinaua, na cheche yake haijizimi kama ya AC ya soketi, halafu paneli juani haina swichi ya kuzima jua. Hilo ni somo la mwisho, ila usilisahau.)

Dawa ilikuwa kuisogeza inveta ikae jirani na betri, nyaya fupi nene zisizofika hata mita mbili, fyuzi, alafu ule ule waya wa 2.5 ndo uende dukani ukiwa umebeba 230. Vifaa vile vile! Nina hakika lile daftari la binti yako lenye rangi lina mchoro ulio sahihi, betri mshale inveta mshale friji, ila mchoro hauna mita 8. Ubaoni kila waya una urefu wa kiganja.

Na hata angefunga vizuri bado friji lingemshinda. Friji la 120 mota ikifanya kazi nusu ya siku linakula wati-saa 1,440. Paneli zake mbili kwa jua zuri la muda wa saa 5 ni 1,000 kwenye karatasi, ukitoa joto, vumbi, nyaya na inveta shukuru ukipata 700. Betri yake, volti 12 mara 100, ni 1,200 na hizi za risasi na asidi ukizitumia zaidi ya nusu unazifupishia maisha, kwa hiyo 600. Yaani lile friji lilikuwa linadai mara mbili ya mapato yake kila siku, kama mshahara wako na mkopo wako. Fundi aliyefundwa angemwambia mama kwa hela hii nakupa taa, redio na kuchaji simu za watu kwa malipo, friji tutaongeza paneli msimu ujao. Kumwambia mteja hapana ndo kipengele kigumu kuliko vyote 6 na nadhani kwenye fomu yako hakimo.

Unaniambia huna pa kuanzia kwa sababu stoo imefungwa, ngoja nikukumbushe sola ilivyoingia huku kwetu. Meru, Kenya, 1984, kulikuwa na shule ya harambee inaitwa Karamugi, mwalimu mmoja Mmarekani wa kujitolea, Mark Hankins, shule ikiwa inawaza kununua jenereta akawashawishi wajaribu sola. Akamleta mhandisi, Mmarekani mwenzake, Harold Burris. Mwaka uliofuata zikafungwa shule nyingine tatu, na mafundi vijana wa pale pale wakajifunza kazi kwa kuzifunga hizo shule. Darasa lilikuwa paa. Miaka ya 90 Karagwe nako, huko huko kanda yenu, KARADEA, chama cha maendeleo cha Karagwe, wakawa na kituo cha mafunzo ya sola wakati hata Dar watu walikuwa hawajui kontrola ni nini. Na Unguja, kina mama wa vijijini, wengine hata kusoma kwao kwa shida, walipelekwa Tilonia kule Rajasthan, India, kwa Barefoot College, miezi sita, lugha hawajui, wakafundishwa kwa rangi za nyaya na vidole, wamerudi wanafunga na kutengeneza taa za sola za vijiji vyao, na baadaye kikafunguliwa kituo kaskazini Unguja wakafundisha wenzao. Hao hawakuwa na daftari la kupaka rangi mwalimu, rangi walikuwa wanazishika.

Kwa hiyo wiki hii hii, hata kabla mkuu hajakujibu: paneli ndogo yoyote, ya wati 10 au 20, betri ya pikipiki iliyochoka, taa ya gari, na mita ya kawaida ambayo kwenye karakana ya umeme lazima mnayo. Waache wapime paneli ikiwa wazi, ile ya volti 12 itasoma 20 na kitu, watashtuka mbona siyo 12, hapo ndo somo linaanza. Waiinamishe, waitie kivuli cha kiganja kimoja waone ampea zinavyoporomoka. Wavute waya wa mita 2 halafu wa mita 16 wapime volti mwisho wa kila mmoja taa ikiwa inawaka. Nakuhakikishia kipindi kimoja hicho kinazidi muhula wa mishale.

Haya, mkuu. Mkuu wako siyo mtu mbaya, ni mtu anayeogopa hasara, basi muoneshe hasara. Betri zile kama ni za risasi zinakufa humo stoo. Betri haihitaji mtumiaji ili ife, ikikaa tu inajimaliza chaji polepole, na ikikaa imeshuka salfeti inaganda kwenye mabamba mpaka haipokei tena. Muombe akufungulie dakika 10 tu uzipime, yeye akiwa amesimama hapo na ufunguo wake mkononi. Iliyojaa na imetulia inasoma kama 12.7, ikisoma 12.0 ina njaa, ikisoma 11 na kitu na imekaa hivyo miezi, andaa kuzika. Andika namba ya kila betri kwenye karatasi na tarehe, mwachie nakala. Rudi baada ya wiki mbili mpime tena. Usiongeze neno. Miaka miwili bila chaji mi nadhani utakuta kuna ambazo zimeshakwenda, na aliyeziua ni kufuli, siyo mwanafunzi.

Kisha mpe njia ya kutoka na heshima yake. Mwambie zile paneli 12 zikifungwa juu ya bweni na wanafunzi wenyewe ukisimamia, ni wati 1,200, kwa siku nzuri mnapata kama uniti 4, taa za bweni na za karakana hazitagusa LUKU. Nimefanya kazi na wakuu wa vyuo wengi, lugha ya mtaala wanaielewa kiasi, lugha ya LUKU wanaielewa yote. Na wageni wakija watakuta vifaa viko kazini, picha itakuwa nzuri kuliko ya mezani. Akikataa hata hapo, una barua yako, una namba za betri, na chuo kina bodi, utakuwa na cha kuongea kisichokuwa malalamiko.

Kuhusu duka la rafiki yako sikukatazi kwa sababu ya uzalendo, nakukataza kwa sababu hujawahi kufunga sola. Utakuwa yule kijana mwenye cheti, ila wewe una mtoto njiani. Kaa mpaka Desemba, fanya hizi praktiko, omba likizo ujiongeze, Chuo cha Ufundi Arusha wana kituo chao cha nishati jadidifu Kikuletwa, wilaya ya Hai, pale kwenye mtambo wa zamani wa umeme wa maji, ulizia kozi fupi hapo na VETA pia. Alafu wafuatilie wanafunzi wako kwenye leseni. Kazi ya kufunga umeme inataka leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati, cheti peke yake hakikupi ruhusa ya kupanda paa la mtu, na nahisi kijana wenu alitoka na cheti tu akaanza kazi. Wenzetu Kenya tangu kanuni za 2012 fundi wa sola ana leseni yake kwa madaraja, T1 mifumo midogo, T2, mpaka T3 ile mikubwa, mtu anajua mwisho wake uko wapi. Hata kama huku mfumo siyo huo, ingiza hilo wazo darasani kwako, mwambie mwanafunzi we kwa sasa ni wa taa na simu, friji la mtu usiguse.

Na kazi zipo jamani, hasa huko mliko. Kisiwa cha Ukara kilifungiwa gridi yake ndogo ya sola 2016, Kishapu kuna mradi wa TANESCO wa megawati 150, awamu ya kwanza 50, zahanati zina friji za chanjo za sola, minara ya simu, pampu za bustani pembeni ya ziwa. Wote hao hawaulizi una maksi ngapi, wanakupa mita wanakuangalia unaishikaje.

La mwisho ni la yule mama, na hili usilipeleke kwa mkuu, ni lako. Umeuliza nini ufanye, mi naona praktiko yako ya kwanza ya kweli iko kilomita 20 toka hapo, na ina paneli 2, inveta na friji zima, inasubiri. Betri ipime, sidhani kama imepona. Mtafute yule kijana, usimgombeze, mwambie tunarudi kurekebisha, na yeye ndo ashike spana, wewe ushike mita. Waya mnene wa mita mbili na fyuzi mtachanga wewe na yeye, siyo hela ya kukushinda. Mfungieni taa na sehemu ya kuchajia simu ili apate cha Ijumaa, friji liwekeni pembeni mpaka paneli zitoshe, na mumueleze kwa nini. Kamuone kwanza peke yako kabla ya kwenda na darasa, Jumamosi asubuhi kabla wateja hawajajaa, umuombe radhi, umuombe na ruhusa. Akikubali nenda na wanafunzi watano, usiende na wote 23 atadhani ni msiba. Na huyo binti wa daftari awe mmoja wao.

Mama Fundi